Kubeba muzigo haiko kufanya mazoezi

Kila mara tunapotaja altere katika mukutano wa sendika, watu wanacheka. Mumoja anauliza kama delege sasa anataka kucheza filme. Mwengine, mwenye ametoka Misisi juzi na mabega bado yanamuuma, anasema: "Wandugu, mutu mwenye amepandisha mifuko kutoka shimoni tangu asubuhi, munataka arudi nyumbani aanze tena kunyanyua vyuma?" Ulizo ni zuri. Jibu letu ni ndiyo, na hapa tunataka kueleza kwa nini, kiisha tuonyeshe namna mutu anaweza kuanza ndani ya chumba chake bila kutumia pesa mingi.

Siye wa sendika ya wafanyakazi wa migodi, wenye tunakaa Uvira na mu vijiji vya pembeni ya ziwa, tunapokea watu mbele waende hospitali, na mara mingi wanakuja kwetu badala ya kwenda hospitali. Tunaona miili yao. Kuko mwanaume wa miaka 42 mwenye anateremsha saruji kutoka mashua za Kalundu, mufuko wa kilo 50 juu ya bega la kuume, tangu asubuhi mpaka jua linageuka, lakini mukono wake wa kushoto hauwezi kupanda mpaka fasi ya kufunga kamba ya chandarua. Kuko muchimbaji mwenye anapiga sururu siku nzima akiwa ameinama mu shimo, lakini akienda choo anatafuta ukuta wa kushika ili asimame. Kuko wale mama wa Kamituga wenye wanatwanga mawe ya dhahabu: mikono yao ni ya chuma, shingo na mugongo wa juu vimekufa ganzi. Hawa wote ni watu wa nguvu. Lakini ni nguvu ya njia moja, sawa barabara yenye malori yanapita paka upande mumoja mpaka inatoboka.

Mu kazi, uzito anauchagua mutu mwengine. Idadi ya safari anaichagua mutu mwengine. Saa ya kupumzika vilevile. Mwili unafanya mwendo mumoja mara elfu, ukiwa na njaa, ukiwa na usingizi, na kesho yake unarudilia ule ule mwendo. Mazoezi ni kinyume cha hayo yote. Mutu anajua ni kilo ngapi ameshika. Anainyanyua mara kumi, anaiweka chini, anapumua dakika mbili, anarudilia, kiisha anaacha. Siku yenye inafuata hanyanyui kitu. Na ni mu ile siku ya kupumzika njo misuli inajijenga, haiko mu siku ya kunyanyua. Muchimbaji hana ile siku. Ndiyo maana anaweza kubeba miaka 20 na mwisho awe mulegevu kuliko siku alipoanza.

Jambo hili haliko mawazo ya delege wa Uvira peke yake. Watafiti wa Denmark wamelifuata kwa miaka: wameona kama mutu mwenye anatembeza mwili kwa mapenzi yake, wakati wa mapumziko, moyo wake unafaidika, lakini mutu mwenye mwili wake unatembezwa na kazi nzito hapati faida ile ile, na mara ingine anaumia zaidi. Kazi ni ndefu, haina pumziko, tansiyo inabaki juu kwa masaa. Mazoezi ni mafupi. Mu mwaka wa 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa tena mashauri yake: mutu mukubwa atembeze mwili dakika 150 mpaka 300 kila juma, na tena, mara mbili kwa juma ao zaidi, afanye mazoezi ya kukomaza misuli yote mikubwa ya mwili. Yote. Haiko bega moja na kiuno kimoja.

Tunapenda pia kuwakumbusha habari ya munganga mumoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, kwa sababu inatuhusu kuliko vile inaonekana. Mu mwaka wa 1945, mu hospitali ya jeshi ya Chicago, alikuwa na vijana wengi waliorudi kutoka vitani na magoti yameharibika. Desturi ya waganga wa wakati ule ilikuwa kuwapa uzito mudogo sana, waunyanyue mara mingi sana. Walikuwa wanakaa miezi na miezi hospitalini. DeLorme, mwenye alikuwa ananyanyua vyuma tangu ujana wake, aligeuza mambo: alitafuta uzito wenye mugonjwa mwenyewe anaweza kunyanyua mara 10, haiko 11, akauandika, na kila juma akaupima tena na kuuongeza. Vijana walipona mbio. Mupaka leo kila mwalimu wa spoti mwenye anasema "mara kumi, mizunguko mitatu" anafuata njia yake, hata kama hajui jina lake.

Muangalie vizuri kitu alichofanya. Hakuleta chuma kipya. Alileta daftari. Uzito uliandikwa, na ulipimwa kufuatana na mwili wa mutu, haiko kufuatana na haraka ya mwenye mali. Tangu tumeanza kushugulika na migodi hatujaona fasi moja yenye mubebaji anaandikiwa kilo za muzigo wake. Zinaandikwa kilo za madini. Mutu chini ya mufuko, hakuna mwenye anauliza.

Sasa, ulizo lenye linatuumiza kichwa zaidi ni hili, na lilitoka kwa ndugu mumoja wa zamani katika sendika: "Mukituongezea nguvu, patroni ataongeza muzigo." Hatulichekelei. Ni mutu mwenye amejua kazi. Tunamujibu hivi. Kwanza, muzigo unaongezwa tayari, tukiwa na nguvu ao bila nguvu. Pili, mupaka wa muzigo haupimwi kwa mabega ya mutu mwenye nguvu kupita wote katika ekipe. Shirika la Kazi la Ulimwengu, BIT, lilikwisha kuandika mu mwaka wa 1967, katika mapatano namba 127 na mashauri namba 128 yenye kuandamana nayo, kama fasi yenye mwanaume mukubwa anabebeshwa kwa mikono zaidi ya kilo 55, inaomba kufanya mbio ili kuteremsha uzito mpaka kilo 55. Na kwa wanamuke na vijana, muzigo uwe mudogo sana kuliko ule. Zaidi ya miaka hamsini imepita. Nguvu yenye mutu anajenga nyumbani ni mali yake. Haiingii mu kontra, na patroni hana ruhusa ya kuihesabia. Tunaijenga ili mutu akifika miaka 60 aweze kupanda mlima wa kwao Fizi akiwa ameshika mukono wa mujukuu.

Tuje kwa vyombo. Altere za chuma zenye wanauza mu magazini zinatoka mbali na bei yake inaweza kula mushahara. Hazilazimishwi. Hapa kwetu tuna vitu viwili vyenye Mungu ametupatia bila kuhesabu: bido za manjano na muchanga wa ziwa.

Bido ya litre 5, ile ya mafuta ya kupikia, iko na mukono wake tayari. Ukiijaza maji ina kilo 5, maana litre moja ya maji ni kilo moja. Ukiijaza muchanga mukavu inafika karibu kilo 8, maana litre ya muchanga mukavu ni karibu kilo moja na nusu na kidogo. Ukilowanisha ule muchanga mpaka hauwezi tena kunywa maji, unakaribia kilo 10. Basi bido mbili zinakupa altere tatu za uzito mbalimbali. Na kuko kitu chenye chuma cha magazini hakiwezi: chuma kinaruka kutoka kilo 5 mpaka 7 ao 8 mara moja, lakini bido unaiongeza kwa kopo. Kopo ya nusu litre ya muchanga ni karibu gramu 800. Hivi njo mwili unapenda kuongezewa. Kama bido haijajaa, sokomeza vipande vya kitambaa juu ya muchanga ili usicheze ndani na kukuvuta mukono. Kwa kusukuma juu ya kichwa, bido haishikiki vizuri. Chukua shupa mbili za maji za litre moja na nusu, uzijaze muchanga: kila moja iko karibu kilo mbili na nusu. Munaweza kudharau. Muzisukume mara 12, polepole, kiisha mutuambie.

Vijana wa kartiye wanapenda zaidi altere za beto: kopo mbili za maziwa, tuyo ya chuma katikati, saruji, muchanga na changarawe. Ni nzuri, na nzito: litre moja ya beto inapita kilo mbili. Lakini tumeona zenye zinatengenezwa vibaya. Tuyo ikiwa laini kabisa, beto inateleza siku moja na kuangukia mguu; inaomba kupitisha misumari ao vyuma vidogo mu ncha za tuyo mbele ya kumwanga. Na inaomba kuilowanisha maji na kuingojea juma nzima. Mutu mwenye ametumika na saruji anajua hivi, lakini mu mambo ya spoti anasahau, anaitumia siku ya pili. Wengine wanakwenda garaji kutafuta pinyo za lori la zamani. Zile hazivunjiki.

Kuhusu miendo yenyewe, hatutawapa orodha ndefu. Mwili unafanya vitu vichache: unachuchumaa, unainama, unavuta, unasukuma, unatembea na muzigo. Anza na hivi.

Kuinama tunakuweka mbele ya yote, maana mugongo njo unatupotezea watu. Wengi wetu tunaokota kitu kwa kukunja mugongo sawa ndoano. Kuko namna ya kujifunza bila uzito: simama ukipa ukuta mugongo, visigino viwe mbali na ukuta kama urefu wa mguu mumoja. Legeza magoti kidogo tu. Sasa sukuma matako nyuma mpaka yaguse ukuta, kifua kikishuka mbele, mugongo ukibaki sawa ubao. Kiisha rudi kusimama kwa kukaza matako. Utasikia nyama za nyuma ya mapaja zikivutika. Kama unasikia kiuno njo kinavutika, unakunja. Fanya juma mbili hivi, bila kitu mu mikono. Ile mwendo ikikuingia mu damu, shika bido mbili, moja kila upande, uendelee. Tunajua wachimbaji wenye walikuwa hawawezi kuamka mu kitanda bila kugeuka sawa mwanamuke mwenye mimba, na huu mwendo mumoja, ukifanywa kwa uvumilivu, umewarudishia asubuhi zao.

Kuchuchumaa: kumbatia bido moja kwenye kifua kwa mikono miwili, shuka sawa unakaa ku kiti kidogo, visigino vibaki chini, simama. Ukiogopa, weka kiti cha kweli nyuma. Kuvuta: weka mukono mumoja na goti ku kiti ao ku kitanda, bido mu mukono mwengine, ivute mpaka ku mbavu, bega lirudi nyuma. Huu mwendo wabebaji wanauhitaji kuliko wote, juu muzigo unasukuma mabega mbele siku nzima na hakuna kazi yenye inayarudisha. Kusukuma: lala chini ku mukeka, sukuma bido kuelekea dari, ao fanya tu pompi za kawaida, mikono ku kitanda kama chini ni nguvu. Ku bega lenye limekwisha kuharibika, shupa za kilo mbili zinatosha kwa miezi.

Kutembea na muzigo, hakuna mwenye anahitaji mwalimu. Tena tunasema kwa wanaume: hapo mazoezi yenu yanaweza kusaidia nyumba. Muji wetu unajua shida ya maji, na bido ya litre 20 inapanda ku kichwa cha mama ao cha mutoto wa kike mbele jua litoke. Chukua bido mbili za litre 10, moja kila mukono, mabega chini, hatua fupi, kutoka robine mpaka nyumbani. Ni kilo 20 zile zile, lakini zimegawanyika, na shingo ya mutu imepona. Watakaokuona watasema umeoa vibaya. Waache waseme.

Kuhusu mama wenyewe, tunasikia kila mara: "Wao wanabeba ya kutosha." Ni kweli kama wanabeba, na ni sababu ile ile tuliyowapa wanaume. Kichwani na mugongoni wanabeba. Kuvuta hawavuti, na miguu haichuchumai na uzito mpaka chini. Kiisha, wanamuke wakipita miaka ya kuzaa, mifupa yao inapoteza ukomavu mbio kuliko ya wanaume, na mazoezi ya uzito ni kati ya vitu vichache vyenye vinaizuia kidogo. Hawatakuwa na kifua cha mwanaume. Ile ni hadisi.

Ni mara ngapi? Mara mbili kwa juma, tuseme Juma tatu na Alhamisi, na mwenye kazi yake ni ya biro anaweza kuongeza ya tatu. Mwenye anatumika ku shimo ao ku depo abaki ku mbili, na moja iwe siku yenye hana kazi. Juma mbili za kwanza, mizunguko miwili ya mara 8 kwa kila mwendo, na uache ukisikia kama ungeweza kufanya tena mbili ao tatu. Hapa njo vijana wanaharibu. Wanataka kufika mupaka siku ya kwanza, kesho hawawezi kukunja mukono, siku ya tatu wameacha. Maumivu ya misuli yanakuja siku moja ao mbili nyuma, yanapita. Maumivu ya kiungo, yenye yanachoma wakati wa kunyanyua, ni kitu kingine, na hapo unaweka chini. Kiisha ya juma mbili, mizunguko mitatu. Ukifikisha mara 12 kwa mizunguko yote, siku mbili zenye kufuatana, bila kutikisika, ongeza kopo moja ya muchanga na urudi ku 8. Andika mu kaye ya mutoto. Mwezi wa kwanza utaona nguvu inapanda mbio na mukono haunenepi. Usihuzunike: kwanza mishipa ya fahamu njo inajifunza kuita misuli, unene unafuata polepole. Nusu saa inatosha. Vijana wa mikono minene na miguu ya korongo, wenye tunawaona ku plage siku ya yenga, wametumika mwendo mumoja tu mbele ya kioo, hawako mufano.

Na usizuie pumzi. Toa hewa wakati wa kunyanyua, vuta wakati wa kushusha. Mwenye ana tansiyo, erni, kikohozi chenye hakiishi, maumivu ya kifua, ao mugongo wenye unateremsha ganzi mpaka ku mguu, aende kwanza kupimwa ku kituo cha afya. Kati yetu wachimbaji tansiyo iko mingi na wengi hawajui; kupima ni dakika tano. Kikohozi nacho, mu kazi ya vumbi, tusikidanganye kwa sukari na limau.

Kuko mwenye atasema: bila chakula, mazoezi gani? Ana haki nusu. Bugali peke yake haujengi nyama. Lakini hatuko watu wa kutafuta zile unga za makopo zenye wanauza kwa dola. Ndagala mukavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na tumezaliwa karibu naye. Mukono mumoja wa ndagala, maharagi, sombe, karanga, yai siku yenye linapatikana. Bei inapanda wakati ziwa linafungwa ili samaki wazae, tunajua. Hapo maharagi yanashika nafasi. Kitu chenye kinatutisha zaidi ni vidonge vya maumivu na pombe ya kupika, vyenye vijana wa migodi wanameza asubuhi ili mwili usiseme kitu. Mwili wenye umenyamazishwa unabeba mpaka unavunjika. Huwezi kuchanganya ile na altere. Mutu mwenye amekunywa dawa ya maumivu ili afanye mazoezi, siku ile aache mazoezi.

Kwa nini nyumbani, haiko ku sale ao kukimbia sawa wengine? Kukimbia ni kuzuri, na wenye wanafanya futing siku ya yenga waendelee. Lakini muji wetu unajulikana: saa kumi na moja ya asubuhi haiko kila kartiye yenye mutu anaweza kukimbia peke yake bila kuulizwa anakimbia nini. Mvua ikinyesha ku milima, Mulongwe na Kalimabenge vinatukumbusha mwezi wa ine wa 2020, wakati maji yalichukua watu na manyumba usiku. Familia mingi tangu hapo wanakaa mu chumba kimoja cha kupanga. Bido mbili zinakaa chini ya kitanda, na mukeka mumoja ni fasi ya kutosha. Joto la Uvira linaomba kufanya asubuhi mapema ao jua likilala, mulango wazi. Watoto watakuja kuiga. Wape shupa za maji tupu, wajifunze mwendo. Uzito utakuja nyuma.

Inabaki kazi ya sendika yenyewe, na hapa tunasema na wadelege wenzetu zaidi kuliko na wasomaji wengine. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaweka masaa 45 kwa juma kwa mwenye ana kontra. Masaa yanahesabika, tunayadai. Kilo hazihesabiki, hatuzidai. Muchimbaji wa mikono, tangu sheria ya migodi ilipotengenezwa upya mu 2018, anapaswa kuwa ndani ya koperative, na koperative inaweza kuandika mu kanuni zake uzito wa mufuko. Hatujaona mingi yenye imeandika.

Tuligundua kitu kimoja tangu baadhi yetu wameanza na bido. Mutu mwenye kila Juma tatu anashika kilo 8 na anajua ni 8, mukono wake unakuwa mizani. Anafika ku depo, anashika mufuko, anasema: "Huu hauko 50." Mbele hakuweza kusema, alisema tu "ni muzito leo". Fasi moja tulileta mizani ya kutundika, ile ya wauza samaki, tukapima mufuko wenye uliitwa wa 50: mushale ulipita 60. Tulipima ingine. Musimamizi alikuja kuuliza nani ametuma, tukamuonyesha kaye.

Ile mizani iko kwetu, na tunaiazimisha. Delege wa kila ekipe aje aichukue kwa juma moja, apime mifuko kumi bila kuchagua, aandike siku, fasi na kilo, kiisha aturudishie. Wenye wako Baraka na Misisi waangalie kama kuko muuza samaki mwenye atakubali kuwaazima yake mu masaa ya saa sita, wakati soko linalala. Na mbele ya kuirudisha, atundike bido yake pia, maana muchanga wa Kavimvira na ule wa Makobola hauna uzito sawa.